Nafasi Moja kwa Kaunti Sita: Namna ya Kuitafuta Historia ya Kufuzu kwa Shule Zetu

Kila msimu wa michezo ya shule unapofika, huku Pwani huzuka mjadala ule ule. Mmoja atasema tumeonewa: Nairobi ni kaunti moja tu, nayo ina nafasi yake peke yake katika fainali za kitaifa, ilhali sisi ni kaunti sita na tunagombania nafasi moja. Mwengine atajibu kwamba timu zetu hazijiandai, na asiyejua kucheza husingizia uwanja. Mjadala huo nimeusikia Likoni, nimeusikia Malindi, na jamaa wa Lamu wamenipigia simu kuuendeleza. Lakini mara chache nimemsikia mtu akitaja mwaka, jina la mashindano au karatasi aliyoisoma. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari, na historia ya michezo ni mali vilevile.

Makala haya ni ya anayetaka kulijua jambo hili kwa ushahidi. Nimeyaandika baada ya siku kadhaa Nairobi, katikati ya mji na vitongoji vya magharibi, nikitafuta jinsi timu za shule na vyuo zilivyokuwa zikipata nafasi ya kusonga mbele tangu zamani. Nitaeleza mfumo ulivyo, ulikotoka, mahali pa kutafuta, na mitego ya kuangalia. Mwisho nitasema hesabu zimenipeleka wapi, maana hazikunipeleka kabisa pale ninapopenda kwenda nikiwa mtu wa Pwani.

Ngazi zenyewe

Michezo ya shule za sekondari Kenya husimamiwa na chama kinachojulikana kwa herufi KSSSA, chini ya Wizara ya Elimu. Timu huanza ngazi ya chini, kwenye zoni na kaunti ndogo. Mshindi hupanda ngazi ya kaunti, na bingwa wa kaunti huenda kwenye kanda. Bingwa wa kanda ndiye hukata tiketi ya michezo ya kitaifa.

Huko kitaifa, utaratibu uliozoeleka ni wa kanda nane na timu nane katika kila mchezo. Zinagawanywa makundi mawili ya timu nne, na timu mbili za juu katika kila kundi huingia nusu fainali. Kwa hivyo bingwa wa taifa hucheza mechi tano: tatu za kundi, nusu fainali na fainali. Timu zinazofanya vizuri huiwakilisha Kenya katika michezo ya Afrika Mashariki inayoandaliwa na shirikisho la FEASSSA, ambayo mwaka 2022 ilifanyika Arusha, 2023 Huye nchini Rwanda, na 2024 Mbale nchini Uganda.

Anayefuatilia historia atie alama kwenye neno hilo, kanda. Mchujo mgumu kuliko yote uko hapo, kwa sababu timu ya pili katika kanda, hata ikiwa nzuri namna gani, hurudi nyumbani. Basi swali la kwanza kwa mtafiti ni hili: nani alizichora hizi kanda nane? Kuuliza ni nani alishinda mwaka fulani kutakuja baadaye.

Kanda nane zilikotoka

Jibu halipatikani kwenye kurasa za michezo. Liko kwenye siasa za kabla ya uhuru. Mwaka 1962 kuliundwa Tume ya Mipaka ya Majimbo, ikazunguka nchi kusikiliza wananchi wanataka kuwa upande gani. Hizo zilikuwa zama za mvutano kati ya KANU, iliyotaka serikali moja yenye nguvu, na KADU ya Ronald Ngala, mwana wa Pwani, iliyopigania majimbo. Katiba ya 1963 ikaleta majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi. Majimbo yenyewe hayakudumu, kwani KADU ilijivunja Novemba 1964 na Kenya ikawa jamhuri mwezi uliofuata. Ila mipaka ilibaki, yakaitwa mikoa: Pwani, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Nyanza, Magharibi, Kaskazini Mashariki, na Nairobi. Hesabu yake ni minane.

Michezo ya shule ilifuata ramani hiyo, na haikuwa ajabu. Maafisa wa elimu walipangwa kwa mikoa, fedha zilipita mikoani, na barua za kuitisha mashindano zilitoka katika ofisi za mikoa. Katiba mpya ilipoidhinishwa Agosti 2010 na serikali za kaunti zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, mkoa kama ngazi ya utawala ulipoteza uzito wake. Hata hivyo katika michezo ya shule mikoa ile minane iliendelea kuishi kwa jina la kanda. Kaunti 47 ziliingizwa chini yake kama ngazi ya kupandia.

Hebu tuzihesabu zilivyogawanyika:

- Bonde la Ufa: kaunti 14
- Mashariki: kaunti 8
- Nyanza: kaunti 6
- Pwani: kaunti 6
- Kati: kaunti 5
- Magharibi: kaunti 4
- Kaskazini Mashariki: kaunti 3
- Nairobi: kaunti 1

Ukizijumlisha unapata 47, na kila mstari una nafasi moja. Mtu wa Pwani akiona orodha hii huanza kulalamika kuhusu Nairobi. Wa Turkana au Narok angekuwa na haki ya kulalamika kutuhusu sisi.

Mpaka wa magharibi ya Nairobi

Kama unataka kuona kwa macho jinsi mstari kwenye ramani unavyoamua hatima ya timu, toka katikati ya mji, shika barabara ya Waiyaki kuelekea magharibi. Utapita Westlands, kisha Nairobi School, shule iliyofunguliwa 1931 kwa jina la Prince of Wales. Mbele yake ni Kangemi, halafu Uthiru. Hapo Uthiru kaunti ya Nairobi inakwisha na Kiambu inaanza, na ukiwa ndani ya matatu hutajua umevuka saa ngapi. Nyumba ni zile zile, maduka ni yale yale, na utingo anaendelea kuita abiria wa Kikuyu.

Huko Kikuyu ndiko iliko Alliance High School, iliyoanzishwa 1926. Kutoka hapo hadi Dagoretti ni safari fupi mno. Lakini shule ya Dagoretti hutafuta tiketi yake katika kanda ya Nairobi, na Alliance, kwa kuwa iko Kiambu, huitafuta katika kanda ya Kati pamoja na shule za Nyeri, Murang'a, Kirinyaga na Nyandarua. Ukizunguka upande wa kusini magharibi utakuta Lenana School, iliyofunguliwa 1949 ikiitwa Duke of York, nayo ni ya Nairobi. Endelea mbele kwa matatu ya Rongai, ufike Laiser Hill, shule yenye jina kubwa katika mpira wa kikapu. Ongata Rongai watu wake wengi hufanya kazi Nairobi na hurudi jioni kulala. Kwa michezo ya shule, hata hivyo, Rongai ni Kajiado, na Kajiado ni Bonde la Ufa, kanda inayofika hadi Turkana mpakani mwa Sudan Kusini.

Kwa hivyo shule tatu zilizo karibu kuzunguka magharibi ya jiji moja huwania tiketi katika kanda tatu tofauti. Mtafiti akisahau hilo atasoma matokeo ya zamani na kuyaelewa kinyume. Ataona shule mbili za jirani hazikuwahi kukutana kabla ya fainali za taifa, adhani kulikuwa na ugomvi baina yao, kumbe ni mpaka tu.

Kitongoji kimoja cha huko niliketi na mwalimu mstaafu aliyesimamia michezo kwa miaka mingi. Nilimwamkia shikamoo, akacheka, akasema watu wa Pwani hamjaiacha. Akanitolea madaftari yake. Yalikuwa ya kawaida ya shule, yenye mistari, na kila mechi ameiandika: tarehe, uwanja, matokeo, wachezaji, na nauli iliyotumika. Hiyo nauli ndiyo iliyonishika. Nikamuuliza timu yake ilikuwa ikilala wapi wakati wa mashindano ya kanda.

"Kulala?" akaniuliza. "Mwanangu, tulikuwa tunatoka baada ya chai ya asubuhi, na chakula cha jioni tunakula shuleni."

Nilimpigia simu mwalimu wa michezo kule Lamu nikamweleza maneno hayo. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kunihesabia: mashua hadi Mokowe, basi hadi yanakochezewa mashindano, malazi ya wachezaji na walimu, chakula cha siku zote hizo, na nauli ya kurudi. Nitalirudia jambo hili mbele.

Pa kutafuta katikati ya mji

Mahali pa kwanza ni Nyaraka za Taifa, lile jengo la kale katika Moi Avenue, mkabala na kituo cha matatu cha Ambassadeur. Wengi wetu tunalijua kama mahali pa kupeana miadi. Ndani yake, juu ya ule ukumbi wenye mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, kuna chumba cha kusomea. Unajisajili kwa ada, unaacha mkoba wako, unaingia na karatasi na penseli.

Usiombe faili la michezo, hutapata mengi. Omba ripoti za mwaka za maafisa wa elimu wa mikoa na wilaya, na mafaili ya Mkuu wa Mkoa wa Pwani ambayo alama yake huanza na PC/COAST. Michezo hujificha humo: ombi la basi, barua ya kualika shule, malalamiko ya mwalimu mkuu kuhusu gharama. Kumbuka pia kwamba kwa sheria, nyaraka za serikali hufunguliwa kwa umma zikishatimiza miaka 30. Kwa miaka ya karibuni utategemea magazeti na madaftari ya watu. Nyaraka za Taifa zina kituo Mombasa pia, basi anayeishi Pwani aanzie huko kabla ya kukata tiketi ya treni.

Mahali pa pili ni maktaba ya McMillan, mtaa wa Banda, iliyofunguliwa 1931. Wakati huo ilikuwa ya Wazungu peke yao, na ilifunguliwa kwa watu wote baada ya baraza la jiji kuichukua mwaka 1962. Inasifika kwa magazeti yake ya zamani. Kwa Muislamu ina rehema nyengine: imepakana na Msikiti Jamia. Adhana ya adhuhuri unaisikia ukiwa umeinamia gazeti, unafunga daftari, unakwenda kuswali na kurudi kabla meza haijachukuliwa.

Katika magazeti, anza na Standard. Wengi hawajui kwamba gazeti hili ni mzaliwa wa Mombasa. A. M. Jeevanjee alilianzisha 1902 likiitwa African Standard, nalo likahamia Nairobi 1910. Kwa Kiswahili kuna Baraza, lililoanza 1939 chini ya kampuni hiyo hiyo ya Standard, na Taifa Leo, linalotoka kila siku tangu 1960, mwaka ule ule lilipoanza Daily Nation. Nashauri msomaji ayapekue ya Kiswahili kwa makini. Gazeti la Kiingereza lenye nafasi finyu huweza kumaliza mchujo wa Pwani kwa mistari miwili, ilhali barua za wasomaji katika gazeti la Kiswahili hutaja shule, kijiji na refa.

Mitego minne

Mtego wa kwanza ni majina. Taasisi hubadilisha jina na mtafiti hupoteza njia. Prince of Wales ni Nairobi School, Duke of York ni Lenana, Duke of Gloucester ni Jamhuri High School, Delamere ni Upper Hill. Kwetu Mombasa, MIOME, chuo cha Waislamu kilichoasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940, kilikuja kuwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, kisha chuo kishiriki mwaka 2007, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Anayetafuta historia ya timu za chuo hicho kwa jina moja tu ataipata robo yake. Kabete nako, chuo kilichoanza 1924 kufundisha Waafrika kazi za mikono, leo ni Kabete National Polytechnic. Andika majina yote ya shule kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako, na mwaka kando ya kila jina.

Mtego wa pili ni mikoa yenyewe kabla ya 1963. Magazeti ya miaka ya 1950 yanataja Mkoa wa Kusini, ulioziweka pamoja Machakos, Kitui, Kajiado na Narok. Magharibi haikuwapo bado, ilikuwa sehemu ya Nyanza. Matokeo ya Nyanza ya 1958 hayalingani na ya Nyanza ya 1968, ingawa jina ni moja.

Mtego wa tatu ni ubaguzi wa rangi. Kabla ya uhuru shule za Kenya ziligawanywa: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika. Kombe lililoitwa la shule za Kenya lingeweza kuwa la kundi moja tu. Kila ukiona neno "bingwa" katika gazeti la zama hizo, uliza alikuwa bingwa wa akina nani, na nani hakuruhusiwa uwanjani.

Mtego wa nne ni umri na kalenda. Hadi 1989 sekondari zetu zilikuwa na kidato cha tano na cha sita. Shule yenye vidato hivyo iliingiza uwanjani vijana wakubwa, wengine wa miaka 19 na zaidi, dhidi ya shule iliyoishia kidato cha nne. Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia na watahiniwa wa kwanza wa KCSE wakafanya mtihani 1989, faida hiyo iliondoka. Ukilinganisha mabingwa wa miaka ya 1970 na wa miaka ya 1990 bila kulitaja hilo, unalinganisha chungwa na nazi. Kadhalika mwaka 2020: shule zilifungwa Machi kwa sababu ya korona. Pengo utakaloliona hapo kwenye orodha yako halikutokana na uzembe wa mwandishi yeyote.

Vyuo vikuu walipokuwa watatu

Upande wa vyuo historia yake ni fupi na ya kufurahisha. Kati ya 1963 na 1970 Afrika Mashariki yetu ilikuwa na chuo kikuu kimoja chenye vyuo vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kwa vyuo vitatu huhitaji kanda wala mchujo. Chuo kikuu hicho kilipovunjwa 1970, kila nchi ikabaki na chake, na Nairobi ikawa peke yake hapa Kenya kwa miaka mingi.

Kanda huhitajika wanapokuwa wengi. Leo Pwani pekee ina Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi kilichopata hati mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilichopata yake 2016. Hivi havina umri mkubwa. Wanafunzi wao wa kwanza wako hai, wana simu, wana picha. Ni rahisi kuiandika historia hii sasa kuliko kuifukua miaka 50 ijayo.

Jirani zetu wanavyofanya

Tanzania wana UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Tofauti yake kubwa na yetu ni kwamba kinachoingia mashindano ya taifa ni timu ya mkoa iliyochaguliwa kutoka shule mbalimbali. Kijana hodari anayesoma shule dhaifu huweza kuonekana na kuvaa jezi ya mkoa wake.

Kwetu inafuzu shule. Shule ikitolewa, hodari wake anatolewa nayo. Ndiyo maana wenye vipaji huhamia shule zenye majina, kama Kakamega High katika kandanda. Huku kwetu Kaya Tiwi ya Kwale imejenga jina kwa njia hiyo hiyo ya kufuzu kama shule, katika netiboli na mpira wa kikapu wa wasichana, hadi kuifikisha Pwani Afrika Mashariki. Mfumo wetu una uzuri wake, kwani unaijenga shule na kuipa jumuiya fahari. Ubaya wake ni kwamba mtoto wa kisiwani asiye na wa kumlipia ada ya shule ya mbali hana mlango wa pili.

Hesabu zinasema nini

Sasa turudi kwenye lalamiko letu. Nilichukua sensa ya 2019. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Kaunti zetu sita zilikuwa hivi: Mombasa 1,208,333, Kwale 866,820, Kilifi 1,453,787, Tana River 315,943, Lamu 143,920, Taita Taveta 340,671. Jumla ni 4,329,474.

Yaani Pwani nzima na Nairobi zinakaribiana sana kwa idadi ya watu, na Nairobi imetuzidi kidogo. Anayesema kaunti sita zimeonewa na kaunti moja ajibiwe kwa hesabu hiyo. Bonde la Ufa, kwa sensa hiyo hiyo, lilikuwa na watu zaidi ya milioni 12 kwa nafasi moja. Tukienda mbele ya wakuu wa michezo tukadai nafasi zaidi kwa sababu ya wingi wa kaunti, wa Nakuru na Turkana watatuambia tukae chini, nao watakuwa na haki.

Lakini kuna hesabu ya pili. Nairobi ni eneo la karibu kilomita za mraba 700. Pwani ni takriban 80,000. Watu ni sawa, ardhi ni zaidi ya mara mia. Timu ya Kangemi ikipangiwa mechi ya kanda hupanda basi asubuhi. Timu ya Lamu ikipangiwa mashindano ya kanda Mombasa ina safari ya zaidi ya kilomita 300, baada ya kuvuka maji, kwenye barabara ambayo kwa miaka mingi baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 ilisafirishwa kwa misafara ya ulinzi. Gharama hiyo shule hulipa kabla mpira haujapigwa. Mara nyengine timu hupunguza wachezaji wa akiba ili ienee kwenye gari. Wachezaji hufika wamechoka, hucheza kesho yake, hutolewa, na gazeti huandika Lamu 0.

Huko ndiko dai letu liliko na nguvu. Tunachokosa si nafasi ya pili ya kitaifa. Tunachokosa ni njia iliyo sawa kati ya kaunti na kanda. Hilo lina dawa isiyohitaji kubadilisha ramani ya 1963: mashindano ya kanda yazunguke, yafike Hola, Voi na Lamu badala ya kurudi mjini kila mara. Fedha za usafiri zigawanywe kwa umbali, asilipwe wa kilomita 10 sawa na wa kilomita 300. Timu za mbali zifike siku moja mapema. Na kaunti zetu ziweke kipengee cha safari za shule katika bajeti zao, zikizungumza na Wizara.

Dai kama hilo halisimami bila karatasi. Mwalimu yule wa Nairobi ana madaftari yenye nauli ya kila mechi. Wangapi kati ya walimu wetu wanayo? Katika shule moja ya Pwani niliyoitembelea mafaili ya zamani yalitupwa wakati wa kupaka rangi ofisi, na vyeti vya wachezaji vikaenda nayo. Kijana anayeomba kazi katika kikosi cha ulinzi, au nafasi ya chuo kwa kipaji chake, huulizwa ushahidi kwamba aliwahi kufika ngazi ya kanda. Akirudi shuleni hapati hata mstari mmoja wenye jina lake.

Kwa hivyo ombi langu kwa kila mwalimu wa michezo, na kwa kila mzazi aliye katika bodi ya shule, ni daftari moja tu, si kompyuta. Kwa kila mashindano andika haya: tarehe na mahali, ngazi, iwe zoni, kaunti ndogo, kaunti au kanda, timu zilizoshiriki na matokeo yote, si ya fainali peke yake, majina kamili ya wachezaji na madarasa yao, umbali wa safari, gharama na nani aliyelipa, na sababu, kama timu ilifuzu ikashindwa kusafiri. Hiyo ya mwisho iandikwe kwa wino mzito, kwa sababu gazeti halitaiandika kamwe. Nakala moja ibaki shuleni, ya pili ipelekwe ofisi ya elimu ya kaunti, ya tatu ihifadhiwe na mtu mwaminifu nje ya shule. Daftari kama hilo likijazwa kwa miaka 5 tu katika kaunti zote sita, tutakuwa na kitu cha kuweka mezani, inshallah.